Mzee Mara Mbili Anastaafu, Ishirini na Saba Bado

"Gari likishapita kwenye mashine ya breki, kulizungusha barabarani ni kuchoma mafuta ili kumfurahisha mzee mmoja." Hivyo ndivyo alivyoandika Mhandisi wa Mipango katika toleo lililopita la jarida hili, ukurasa wa pili, chini ya picha yake akiwa ameiegemea mashine yenyewe. Sentensi moja, makosa matatu. Mafuta hayo hayachomwi bure. Mzee hafurahi, aliyewahi kumwona akifurahi barabarani ajitokeze. Na gari kupita kwenye mashine si sawa na gari kuwa zima, jambo ambalo karakana yetu imelijua kwa jasho na aibu katika wiki tano zilizopita.

Mzee huyo ndiye tunayemuaga leo, Ijumaa tarehe thelathini Juni, baada ya miaka thelathini na mmoja na miezi minne ya kuyahudumia malori mazito ya kampuni hii. Jina lake kamili limeandikwa kwenye cheti atakachopewa saa nane mchana. Sisi tunamwita Mzee Mara Mbili, na likisomwa jina la kwenye cheti wengi wetu tutageuza shingo kumtafuta huyo mgeni ni nani.

Kamati ya sherehe iliniomba wasifu mfupi, mchangamfu na wenye kueleweka. Uchangamfu nitajitahidi. Kueleweka kote siahidi, kwa sababu katika habari hii kuna mahali hata mstaafu mwenyewe amesema hajaelewa, na mimi ni mtunza stoo tu.

Alianza kwa kuosha spea. Siku ya kwanza alikuja amevaa shati jeupe na tai, kwa kuwa barua ilisema "idara ya ufundi" naye akadhani ataketi mezani. Akakabidhiwa brashi na karai la mafuta ya taa. Hakurudi nyumbani kubadilisha nguo. Aliivua tai, akaifunga kwenye bomba la ukutani, akaosha spea mpaka jioni, na tai ile ikabaki pale miezi minne, mpaka alipohamishiwa breki. Huko alikaa miaka kumi na mmoja. Miaka ishirini iliyobaki amekuwa mkaguzi wa barabarani, yaani mtu anayelichukua lori lililotoka kuhudumiwa, akaliendesha, kisha akasaini au akakataa kusaini. Bila saini hiyo, lori halitoki getini kwenda kazini.

Namna yake ya kukagua kila mtu anaijua, na karibu kila mtu ameicheka. Anapakia vitalu vya zege tani nane, kwa maana lori tupu, anasema, halina la kuficha wala la kusema. Anatoka getini, anashika kushoto kando ya ukuta wa ghala la magunia, anapita matuta matatu ya shule, anapanda mpaka kwenye tangi la maji, anashuka mteremko mrefu hadi kwenye taa za njia panda, anarudi kwa njia ya nyuma. Kilomita kumi na moja. Redio haruhusu. Mluzi haruhusu. Akifika getini anashuka, anagusa habu, kile kitovu cha chuma katikati ya gurudumu, moja baada ya nyingine, kwa mgongo wa mkono. Kiganja, anasema, kimeshazoea kuungua. Mgongo wa mkono bado una aibu. Habu iliyochemka kuliko wenzake, breki yake haiachii. Habu iliyo baridi wakati wenzake wana joto, breki yake haikamati. Anaandika daftarini: moto, vuguvugu, baridi. Halafu anapanda tena na kuuzunguka mzunguko ule ule upya, na kugusa upya.

Kwa nini mara mbili? Nimeuliza watu watatu, nikapata historia tatu. Mlinzi wa getini anasema ni kwa sababu zamani Mzee alisaini gari mzunguko wa kwanza na likamshinda mtu mteremkoni. Fundi Jeki, anayefungua magurudumu, anaapa kwamba hakuna gari lililomshinda mtu, Mzee alirithi tabia hiyo kwa mwalimu wake, na mwalimu wake alikuwa msahaulifu tu. Mkewe Mzee, nilipompigia simu, alicheka mpaka nikadhani simu imeharibika. "Mwanangu, mtu huyo hata mimi alikuja kuniposa mara mbili. Mara ya kwanza akakubaliwa, akaondoka. Wiki iliyofuata akarudi na maneno yale yale. Baba akamuuliza, kwani hukusikia? Akasema nilisikia, nataka kusikia tena mkiwa mmetulia." Siku ya harusi ya binti yao, basi lililokodiwa lilifika, wageni wakiwa wamevaa na kujipulizia manukato, na baba wa bibi harusi akamwomba dereva alizungushe tupu mara mbili kwanza. Wageni walisimama juani. Basi lilirudi mzunguko wa pili likiwa na taa ya breki iliyozimika. Wapo wanaosema taa haikuwa sababu ya kuchelewesha harusi. Wapo wanaosema ilikuwa. Ukoo wao haujakubaliana mpaka leo.

Mwenyewe jibu lake ni moja: "Mzunguko wa kwanza gari lina adabu za mgeni. Wa pili linajisahau."

Mhandisi anaiita kauli hiyo ushairi. Basi na tuseme haki, kwa sababu sipendi kushinda kwa kuficha. Mashine ya breki ni kitu kizuri. Lori linapanda juu ya rola, rola zinazungusha magurudumu, unakanyaga breki, na namba zinakuja. Mwaka jana mashine ilikamata kasoro kwenye gari namba nane, ambalo Mzee alikuwa amelisaini. Alifanya nini? Alimwendea Mhandisi, akamshukuru mbele ya watu, akaandika kwenye daftari lake neno moja: "Nimekosa." Limo kwenye daftari la kumi na nne, nimeliona. Nimemsubiri Mhandisi naye aanzishe daftari.

Tuje kwa Ishirini na Saba.

Ni lori la ekseli tatu, habu sita, na dereva wake ni mama wa watoto watatu tunayemwita Shangazi, kwa sababu ana ulimi wa shangazi na moyo wa shangazi. Kila wiki analishusha kwenye mteremko ule ule wa tangi la maji, limejaa, na chini yake kuna njia panda na watoto wanaovuka. Wiki tano zilizopita lililetwa kwa huduma ya kawaida ya miezi mitatu. Shangazi hakulalamika kitu. Alisema linakwenda kama bibi harusi.

Mzee alilichukua. Mzunguko wa kwanza, habu zote sita vuguvugu. Mzunguko wa pili, tano vuguvugu, na ya kushoto ekseli ya katikati baridi. Baridi kabisa, kama haijatoka nyumbani. Likarudishwa, likaoshwa, likapandishwa kwenye mashine. Mashine ikasema breki zote sawa. Fundi Jeki akafungua gurudumu lile. Laining inayosugua ngoma nzima, ngoma yenyewe nzima, upepo unaosukuma breki unafika. Akalifunga. Mzee akazunguka mara mbili. Habu sita, zote vuguvugu.

Akakataa kusaini. "Hatujabadilisha kitu. Limeponaje?"

Baada ya siku mbili akalitoa tena. Mzunguko wa pili, baridi. Likaoshwa, likapimwa, sawa. Likafunguliwa, hakuna kitu. Likafungwa, likazungushwa, joto. Mara ya tatu vivyo hivyo. Sasa karakana ikagawanyika. Wa breki walikuwa upande wa Mzee, kisha hawakuwa, kisha walikuwa tena kabla ya chai. Mimi mwenyewe, na naandika haya nikijua yatasomwa, wiki ya pili nilikuwa upande wa Mhandisi. Nilijiambia macho yanazeeka, masikio yanazeeka, kwa nini mkono usizeeke? Wapo waliomwambia usoni. "Mzee, habu haina tatizo, ni mkono wako ndio umepoa!" Akaunyoosha mkono, akautazama pande zote mbili kama mtu anayekagua spea, akasema, "Inawezekana."

Mhandisi akaleta kipima joto cha kumulika. Watu kumi na wawili walisimama getini kusubiri Ishirini na Saba. Siku hiyo habu zote sita zilikuwa na joto, kifaa kikasema hivyo, mkono ukasema hivyo, na Mhandisi akaenda zake anacheka. Siku ya pili Mhandisi alikuwa kwenye kikao. Habu ikawa baridi. Walioshuhudia ni mlinzi, Fundi Jeki na mimi, na tulipokwenda kusema tulionekana kama watu waliolishwa maneno. Sijawahi kuona chuma kinachochagua hadhira, lakini ndivyo ilivyokuwa, au ndivyo tulivyoona, na tofauti ya hayo mawili ilikuwa imeanza kunipotea.

Shangazi ndiye aliyekuja na swali la maana. Alimkuta Mzee amekaa juu ya tairi, daftari magotini.

"Kaka, mimi sitaki maelezo. Niambie kitu kimoja. Niliendeshe au nisiliendeshe?"

"Sijui, dada yangu."

"Hujui?"

"Sijui."

Katika miaka yote tuliyomfahamu, huyu ni mtu aliyesema moto, vuguvugu au baridi. Shangazi akakaa naye juu ya tairi lile, akasema, "Haya. Mpaka ujue, mimi nitaendesha la kuazima. Lakini ujue haraka, la kuazima kiti chake kinanichoma mgongo."

Wapo wanaosema siku ile Mzee alijivunjia heshima. Upuuzi mtupu. Siku ile ndiyo iliyofanya kazi. Mtu aliyekwishasema anajua angeacha kutafuta.

Jumanne ya wiki hii, zikiwa zimebaki siku tatu, Ishirini na Saba lilirudi na habu baridi kwa mara ya sita. Fundi Jeki akachukua spana. Mzee akamwambia, "Keti. Leo hatufungui." Fundi Jeki, ambaye hajawahi kuambiwa akae saa za kazi, aliketi kama aliyeshtakiwa. Mzee akafungua daftari. Kila "vuguvugu" ya mzunguko wa pili ilikuja mara tu baada ya gurudumu kufunguliwa. Kila "baridi", ukiiacha ya kwanza, ilikuja siku moja au mbili baadaye. Basi, akasema, sisi tunaofungua ndio tunaoliponya, bila kujua, na kwa muda tu. Akamwomba Fundi Jeki ataje kila kitu anachokigusa anapofungua gurudumu, hata kile anachokigusa bila kufikiri.

Fundi Jeki ni msafi wa kazi. Alitaja nati, tairi, ngoma, laining, springi. "Na mpira wa upepo nauchomoa, naukunja, naufunga pembeni kwa waya. Ili mpira usinizuie."

"Kila mara?"

"Mzee, kila mara. Kwani wewe ulinifundisha nini?"

Ndiyo, Mzee ndiye aliyemfundisha, tangu alipokuwa fundi wa breki. Mpira ule unapeleka upepo kwenye breki ya gurudumu. Kwa nje ulikuwa kama mpya, hauna ufa, hauvuji, na kwa hiyo hakuna aliyeutazama. Uliondolewa njiani ili tutazame vitu vingine. Wakauchomoa, wakaupasua kwa kisu kwa urefu. Ndani, ngozi yake ilikuwa imebanduka, imening'inia kama ulimi mdogo wa ukubwa wa ukucha wa kidole gumba. Gari likipata moto, ulimi unalainika na kuziba njia. Fundi akiuchomoa na kuukunja mpira, ulimi unalala pembeni, njia inafunguka, breki inafanya kazi siku moja au mbili. Na mashine? Kanuni yetu, iliyoandikwa na ofisi ya Mipango, inataka gari lioshwe kabla ya kupanda kwenye rola. Tulikuwa tunalipoza kwa maji, kisha tunaliuliza kama linaumwa likipata joto.

Mara tano tulikagua, na mara zote tano ukaguzi wetu wenyewe ulikuwa unakificha tulichokitafuta. Nimeiandika sentensi hiyo nikaisoma tena, na bado kichwa kinaniuma.

Karakana ilishangilia. Fundi Jeki alimbeba Mzee begani. Mhandisi alikuja, akautazama ulimi ule, akasema, "Sawa, sawa kabisa, kazi imekwisha, Jumatatu gari liende kazini." Mzee akaomba ashushwe.

"Ulimi nauona," alisema. "Kwamba ndio uliokuwa unaziba, hilo sijaliona. Huenda ndio. Huenda kuna kingine nyuma yake."

Hapo ndipo baadhi yenu mlipochoka naye, nami nawaelewa. Mtu ametafuta wiki tano, amepata, na bado hataki kufurahi. Lakini soma daftari. Ishirini na Saba lilishatudanganya kwamba limepona mara tano. Mzee ana kanuni ya kazi zote za breki: asubuhi tatu tofauti, mizunguko miwili kila asubuhi, ndipo saini. Mpira mpya ulitoka stoo kwangu Jumanne jioni. Jumatano akazunguka mara mbili: sita, joto. Alhamisi mara mbili: sita, joto. Asubuhi ya tatu ni leo, na leo si mfanyakazi. Bima yake ya kuendesha magari ya kampuni ilikoma jana saa kumi na moja jioni. Aliomba aongezewe saa mbili tu. Ofisi ikamjibu kwa barua nzuri sana, yenye nembo na pongezi.

Kwa hiyo mtu aliyesaini malori kwa miaka ishirini anaondoka akiwa ameacha fomu moja ina mistari miwili iliyojazwa na wa tatu mtupu. Jana jioni alinikabidhi ovaroli, buti, na madaftari kumi na manne. Fomu aliishika muda. Nilimwambia, "Mzee, saini tu. Mpira tumeuona wote." Sijivunii maneno hayo; yalinitoka kwa huruma. Akaniuliza, "Wewe ungempa Shangazi lori hilo?" Akaiweka fomu kaunta, mstari mtupu ukinitazama, akaenda kuoga.

Juu ya mafanikio yake kamati ilinitaka niandike idadi. Madaftari yanaonyesha magari elfu tisa na ushee yaliyozungushwa, na mia nne na kumi na mawili yaliyokataliwa. Madereva waliokuja kugomba naye kwa kucheleweshwa, hakuna aliyewahesabu. Madereva waliorudi nyumbani nao hakuna aliyewahesabu, kwa kuwa kurudi nyumbani hakuandikwi popote. Hiyo ndiyo shida ya kazi yake, na ndiyo sababu ni rahisi kwa mtu aliyeegemea mashine kuiita starehe ya mzee.

Mzee Mara Mbili, asante kwa miaka thelathini na mmoja na miezi minne. Asante kwa mkono. Asante zaidi kwa lile "sijui" la juu ya tairi, ambalo limetufundisha kuliko semina zote tulizopewa vyeti. Tunakuombea usingizi mrefu asubuhi, afya ya mwili, wajukuu wasumbufu, na chai inayokaa mezani mpaka uimalize. Mama amesema nyumbani unaruhusiwa kuuliza kila jambo mara mbili, mradi mara ya pili uulize ukiwa unaosha vyombo.

Sasa nawageukia watatu: Mhandisi wa Mipango, na ninyi wakaguzi wawili mnaochukua nafasi yake. Jumatatu mmepanga Ishirini na Saba lipakiwe, na tarehe mosi, yaani kesho, mnaanza fomu mpya isiyo na sehemu ya barabara. Ufunguo wa Ishirini na Saba uko stoo, kwenye msumari wa tatu, na ufunguo wa stoo uko mfukoni mwangu. Kesho Jumamosi saa kumi na mbili na nusu asubuhi nitafungua. Njooni wote watatu mmevaa ovaroli. Pakieni zege. Kushoto getini, matuta matatu, tangi la maji, mteremko, taa, njia ya nyuma. Mara mbili. Mhandisi, kipima joto lete, lakini mkono pia utumie, mgongo wa mkono, habu zote sita. Mkikuta joto, jazeni mstari wa tatu kwa majina yenu. Mkikuta baridi, andikeni baridi. Mkichanganyikiwa, andikeni kwamba hamjui. Sasa tunao mfano wa namna ya kuliandika.

Halafu Jumatatu, asije mtu kuniachia Shangazi kaunta. Mpeni ufunguo ninyi wenyewe, mkononi, mkimtazama usoni, akiwauliza aliendeshe au asiliendeshe.